Chumba cha Mama Upande wa Mikorosho

Jumamosi, 8 Novemba 1997
Nimehamishiwa Nachingwea. Lori la korosho limenishusha mchana huu mbele ya nyumba ya Baba, hapa Nambambo, pamoja na kitanda changu, masanduku na kuku niliyepewa na wazazi wa wanafunzi wangu wa Chinongwe. Miaka yote niliyofundisha kule upande wa Ruangwa nilikuja hapa kama mgeni, nalala siku mbili tatu naondoka. Sasa nimekuja kukaa.

Nyumba ni ile ile. Baba aliijenga mwenyewe kwa tofali mbichi, chumba kimoja baada ya kingine, kila alipopata likizo kwenye karakana ya useremala ya misheni. Milango yote ni ya mninga, na hadi leo hakuna hata mmoja unaokwaruza sakafu. Chumba cha nyuma ndicho alichomalizia. Alimjengea Mama awe anashonea humo. Dirisha lake linaangalia mikorosho, na mimi na mdogo wangu Ignasi tulikuwa tukitoka shule tunalichungulia kwa nje kumwona Mama ameinamia cherehani, pini zimejaa mdomoni, hawezi kutujibu salamu, anatukonyeza tu.

Mama Aurelia alituacha mwaka tisini na nne. Mwaka uliofuata Baba akamwoa Bi Marselina, mjane kutoka Kilimarondo. Leo amenipokea vizuri. Kanichemshia ming'oko, vile viazi vya porini vya huku kwetu, kaniandalia maji ya kuoga. Sina la kumlaumu, ila sikai raha.

Jumatano, 12 Novemba
Bi Marselina ana tabia yake. Kila asubuhi kabla ya kuwasha moto anaizunguka nyumba akiwa na kijiti, anagonga kuta. Anagonga, anasogea, anagonga tena. Kwenye pembe anainama kabisa, ananusa kama anayenusa samaki wa sokoni.

Leo nimemuuliza, "Shikamoo. Unatafuta nini?"

"Marahaba, mwanangu. Nasikiliza tu."

Kisha akaingia chumba cha Mama akafungua dirisha, bila kuniomba wala kuniambia.

Jumapili, 23 Novemba
Baada ya misa nilikwenda posta kumpigia simu Ignasi. Kama kawaida yake, aliharakisha. "Dada Lusi, redio inasema mwaka huu mvua si za mchezo. Nyumba ile imechoka. Mzee auze kiwanja, aje Dar akae kwangu. Mwambie wewe, mimi hanisikilizi."

Nimemwambia Baba wakati wa kula. Akaendelea kumenya muhogo wake.

"Ignasi hajafika hapa tangu tumzike mama yake," akasema. "Amejuaje kama nyumba imechoka?"

Bi Marselina akasema taratibu, "Imechoka kidogo, Baba Lusi. Tuitazame kabla mvua haijaitazama."

Baba akachukua muhogo mwingine. Nilifurahi kwamba hakumjibu. Nani huyu wa kusema nyumba yetu imechoka?

Jumatatu, 8 Desemba
Baba amekubali fundi aje. Sijui Bi Marselina alimwambia nini.

Fundi mwenyewe ni Harithi, mwashi wa Nandagala, upande wa Ruangwa, kijana mwenye maneno mengi na kofia ya kufuma. Tulizunguka naye nyumba yote. Alitundika timazi kwenye kila ukuta, uzi wenye uzito ukaning'inia kuonyesha kama ukuta umenyooka, akarudi nyuma akafumba jicho moja. Mbele pazuri. Ubavuni pazuri. Juu, matundu ya misumari kwenye mabati yamekula kutu na mwanga unapita. Chini, matone ya paa yamechimba mfereji kuizunguka nyumba, na mahali pengine msingi umebaki wazi kama fizi.

Alipofika pembe ya chumba cha nyuma alichuchumaa. Kuna ufa unapanda kutoka chini kwenda dirishani, kwa ngazi ngazi, unafuata maungio ya tofali. Aliingiza ncha ya mwiko, ikazama.

"Mzee, huu wa lini?"

"Wa zamani," Baba akasema. "Ulianza watoto wakiwa bado wadogo. Hauendi kokote huo."

"Basi nitaufunga, halafu nipige lipu ya saruji chini kuzunguka nyumba nzima. Maji yatagonga, yatarudi yalikotoka."

Sote tuliona ni maneno ya maana.

Jumamosi, 13 Desemba
Lipu imekwisha. Nyumba inaonekana kama imevaa soksi. Majirani wanapita wanasifia, na Baba ametoa kiti akakaa nje, miguu ameinyoosha. Hata Bi Marselina amecheka. Zamani Mama alikuwa akipaka udongo mweupe sehemu hiyo hiyo kila ilipokaribia Krismasi, na sisi tulikatazwa kuegemea hadi Mwaka Mpya.

Alhamisi, 25 Desemba
Krismasi. Mvua imeanza tukiwa kanisani. Kwaya iliimba, hatukusikia kitu, bati lilikuwa linaunguruma.

Ijumaa, 2 Januari 1998
Mvua.

Jumapili, 4 Januari
Mvua tangu alfajiri. Nimeweka sufuria sebuleni na ndoo kwenye ukumbi. Utotoni tulikuwa tunashindana, mimi na Ignasi, nani atatambua chombo kwa mlio wake. Mama alikuwa hakimu.

Jumamosi, 10 Januari
Leo nimefanya jambo ambalo nitaliandika lote.

Mvua ilipumzika asubuhi, jua likatoka kidogo. Nilikuwa nafua. Nikamwona Bi Marselina akitoka chumba cha nyuma amekumbatia nguo za Mama: vitenge, lile gauni la kijani la harusi ya shangazi, hata kitambaa ambacho Mama alikikata akafariki kabla hajakishona. Anazitupa kambani moja baada ya nyingine.

Nilitupa sabuni. "Hizo nguo zina mwenyewe!"

"Najua, Lusi."

"Unajua, kwa hiyo unazitoa nje majirani wazione? Chumba si chako, kila siku umo humo. Unatafuta nini cha mama yangu?"

Baba alitoka, akasimama mlangoni. Bi Marselina hakupandisha sauti. Alikuja na lile gauni la kijani, akalikunjua mbele yangu. Mgongo mzima ulikuwa na madoa meusi ya ukungu.

"Nusa," akasema.

Lilinuka uvundo wa pango.

"Tangu niolewe hapa nafungua dirisha lile kila siku. Kile chumba kinatoka jasho. Nisipofungua, nguo zote zingekwishaoza. Ulitaka nikuachie kitu gani cha mama yako, matambara?"

Nilibaki na mikono yenye povu. Baba alirudi ndani.

Jumapili, 11 Januari
Nimeomba radhi. Tulikuwa tunachambua mchicha kibarazani, mimi na yeye, mvua inanyesha. Akasema yamekwisha. Kisha akanieleza mwenyewe, bila kuulizwa.

"Kilimarondo nilikuwa na nyumba. Marehemu mume wangu na mimi tuliipiga kwa mikono yetu. Tulikuwa tunalinda shamba, tembo wanakuja kwenye mahindi, kwa hiyo nyumbani tunarudi kulala tu. Ukuta ulikuwa unalegea, na sisi macho yako shambani. Siku moja mchana, mvua ndogo tu, mwenzangu kajipumzisha ndani kwa sababu ya homa. Mimi nipo jikoni nje. Nikasikia kama gunia limedondoka." Akatupa bua la mchicha uani. "Wakamtoa akiwa hai. Akakaa wiki mbili."

Nikaendelea kuchambua.

"Ndiyo maana nagonga kuta," akasema. "Ukuta mkavu una sauti. Wenye maji ndani haujibu."

Jumatatu, 19 Januari
Harithi alikuja kuziba matundu ya bati kwa lami na vipande vya raba. Barabara ya Ruangwa imekatika nyuma yake. Analala stoo. Yuko kwenye mfungo, na Bi Marselina anampikia uji na muhogo wa kufuturu. Baba, ambaye sasa amepata msikilizaji, anamsimulia kila jioni habari za karakana ya misheni: padre aliyekuwa akipima mbao kwa shubiri, na siku yeye Baba alipotengeneza jeneza fupi ikabidi akeshe kulirefusha. Harithi anacheka hadi anakohoa. Sijamsikia Baba akisimulia hivi tangu Mama alipokuwepo.

Ijumaa, 30 Januari
Idi. Harithi ameswali msikiti wa mjini kwa kuwa kwao hakufikiki. Tumechinja kuku wa Chinongwe.

Jumamosi, 7 Februari
Lipu imebanduka.

Bi Marselina ndiye aliyegundua. Aligonga nyuma ya nyumba, akaita. Harithi akaja na mwiko, akachokonoa, na kipande kirefu cha saruji kikadondoka kizima kama ganda la mti. Nyuma yake ukuta ulikuwa umelowa, laini kama ugali wa jana. Ukibonyeza kidole, kinaacha shimo.

Maji hayakuingilia kwa nje tulikoweka soksi. Yalipanda kutoka chini na mengine yaliteremka kwa juu kupitia ufa uliofunguka tena, yakafika kwenye saruji yakakosa pa kutokea. Yalikaa humo tangu Krismasi.

Harithi alivua kofia. "Mimi huwa najenga tofali za kuchoma, Mzee. Hizi mbichi nimezikosea. Nisamehe."

Baba alichukua kipande cha lipu akakigeuzageuza. "Sote tuliisifia," akasema. "Ibandue yote, ukuta upate hewa. Halafu tuchimbe mtaro."

Jumapili, 15 Februari
Wiki nzima tumechimba. Mtaro unaanzia juu kwenye mikorosho, unapita ubavuni, unamwaga barabarani. Baba amekunja mabati ya zamani kuwa gata, ameyapigilia chini ya paa kwa mkono usiotetemeka hata kidogo. Bi Marselina na mimi tumebeba mawe, tumeinua kibaraza. Nikitoka shule naenda moja kwa moja kwenye jembe. Nina malengelenge, na wanafunzi wangu wananicheka nikishika chaki.

Maji yanatii. Yanafuata mtaro kama tulivyoyaelekeza, mbele na ubavuni kunakauka. Ila pembe ya nyuma, hata tukifanya nini, inabaki imelowa. Harithi alisimama pale na koleo, akachimba kidogo pembeni ya msingi, akashangaa.

"Mzee, mbona udongo wa hapa si wa hapa? Kuna vigae, kuna majivu. Kama jalala."

Baba alikaa juu ya jiwe.

"Pale ndipo tulipochimbia udongo wa tofali," akasema. "Tofali za nyumba yote hii zilitoka shimo hilo. Halafu likawa la kutupia taka. Mama yenu alipotaka chumba, nikamwambia tujenge upande wa barabara, ardhi ni ngumu. Akakataa. Anataka upande wa mikorosho, apate upepo na kivuli, awaone mkitoka shule. Nikalifukia shimo, nikajenga juu yake. Nilijua. Nikasema acha, nitakuwa naangalia."

Akamtazama Bi Marselina. "Ufa ulipoanza nilikuwa naujaza kila kiangazi, Aurelia akiwa kisimani. Hakuwahi kujua."

Nilitaka kukasirika nikashindwa. Nilimwona tu akiwa kijana, anabeba udongo kwenye karai, anafukia shimo kwa ajili ya dirisha.

Jumatano, 25 Februari
Jumatano ya Majivu. Padre katupaka sisi, mvua ikayafuta njiani.

Jumatano, 4 Machi
Ukuta wa nyuma umefanya tumbo. Timazi inaning'inia mbali na ukuta juu, inaugusa katikati. Tumetoa cherehani, masanduku, kila kitu. Chumba kitupu kinatoa mwangwi.

Jumapili, 8 Machi
Tulirudi kutoka misani mchana, mvua imeanza upya, kubwa, yenye upepo. Harithi alikuwa uani tayari, amelowa, amesimamisha nguzo kuegemeza ukuta wa nyuma. Alitupungia mkono tusikaribie.

"Pembe imezama! Usiku ilikuwa hapa, sasa iko hapa." Alionyesha kwa kiganja. Ufa ulikuwa unapitisha ngumi.

Nilisema, "Tuongeze nguzo."

"Mwalimu, nguzo zinazama na zenyewe. Chumba hiki kinakwenda. Tatizo ni paa." Alielekeza juu. Paa la chumba cha Mama na la nyumba kubwa ni moja. Baba aliziunganisha mbao, akazipigilia pamoja ili maji yasipate pa kupenya. "Kikianguka kama kilivyo, kinavuta paa lote. Kinavuta na ukuta wa ukumbi."

Njia ilikuwa moja, kukata mbao na kulitenganisha paa. Sote tulimtazama Baba. Alikuwa amevaa bado shati lake la kanisani, jeupe, limemganda mwilini.

"Ngazi," akasema. "Na msumeno wangu mkubwa."

"Mzee, nipande mimi."

"Wewe hujui niliunganisha wapi."

Bi Marselina alimshika mkono. Nilidhani atamzuia. Alimwangalia usoni, kisha akaenda mwenyewe stoo akaleta msumeno. Alirudi ameufuta kwa khanga.

Ngazi tuliiegemeza ukumbini, upande wa nyumba kubwa. Mimi nilishika mguu mmoja wa ngazi, yeye mwingine, bega kwa bega. Harithi alibaki nje kuangalia ufa, atupigie kelele ukisogea. Baba alipanda polepole. Ana zaidi ya miaka sabini. Alitoa bati moja, mvua ikatumwagikia usoni. Akapapasa mbao kwa vidole kama kipofu, akatulia.

"Hapa," akasema, na akaanza kukata.

Sijawahi kusikia msumeno ukienda taratibu namna ile. Vumbi la mninga lilitudondokea kichwani limelowa, na harufu yake ilikuwa ile ile ya Baba akirudi kazini jioni, mimi nikimkimbilia kumpokea boksi la zana. Mbao ya kwanza ikaachia. Ya pili. Nje Harithi akapiga kelele, "Mzee, harakisha!" Nyumba ikatoa mlio, kama mtu anayekaa kitako kwa uchovu.

"Baba, shuka," nikasema. "Shuka, basi!"

"Imebaki moja."

Bi Marselina alikuwa anasali kwa Kimwera, midomo tu inatembea. Macho yake hayakuwa kwa Baba, yalikuwa kwenye ukuta. Nilijua anaona ukuta mwingine. Lakini ngazi upande wake haikutikisika hata kidogo.

Mbao ya mwisho ilikatika kwa kishindo. Baba alishuka nusu, nusu tukampokea. Tulimvuta hadi sebuleni, na hatukukaa muda mrefu. Chumba kiliinamia nje, kuelekea mikorosho, polepole, kikajilaza. Ukuta wa dirisha ndio uliotangulia. Halafu mabati. Halafu vumbi lililolowa, harufu ya udongo, kimya. Mvua ikaingia ukumbini kupitia mlango uliobaki bila chumba.

Paa la nyumba kubwa halikusogea.

Baba alikaa kwenye kiti chake akalia. Nilikuwa sijamwona akilia, hata kwenye mazishi. Bi Marselina alimvua shati lile lililolowa, akamfunika blanketi, akapiga magoti mbele yake.

"Lia, Baba Lusi," akamwambia. "Ulimjengea. Alishonea humo miaka yote hiyo, wala hakikumwangukia."

Jumatatu, 9 Machi
Sikwenda shule. Tumeokoa mabati na fremu ya dirisha.

Jumamosi, 14 Machi
Harithi alitaka kuziba mlango wa ukumbini kwa tofali. Baba amekataa. Ametaka uachwe mlango wa kutokea nje, na mbele yake zijengwe ngazi za mawe. Cherehani tumeiweka sebuleni. Mama Marselina hajui kushona. Nimemwambia nitamfundisha, kama Mama alivyonifundisha mimi, kwa kuanza na mito.

Jumapili, 12 Aprili
Pasaka. Mvua za rasharasha tu. Barabara ya Ruangwa imefunguka, Harithi ameondoka juzi. Mama Marselina alimfungia mkate wa kumimina, Baba akampa kipande cha mninga cha kutengenezea mpini mpya wa mwiko. Kuta tumezipaka udongo uliochanganywa na majivu na mabua, zinakauka vizuri. Asubuhi tunazizunguka pamoja, yeye na kijiti chake, mimi na changu. Nimeanza kusikia tofauti.

Jumapili, 3 Mei
Anga safi. Upepo wa kusini umeanza.

Jumamosi, 23 Mei
Ignasi amekuja. Hakutuarifu. Tulikuwa tunapura kunde uani, tukamwona na begi lake, amenenepa, viatu vimejaa vumbi. Alimwamkia Baba, akamwamkia Mama Marselina akiwa ameinamisha macho, kisha akaanza kuikagua nyumba kama mnunuzi. Akagusa kibaraza. Akafuata mtaro kwa macho hadi barabarani. Akatazama gata.

"Nani amefanya haya yote?"

"Sisi," nikasema.

Akaingia ndani. Nilimfuata, kwa sababu nilikumbuka hatukuwahi kumwambia. Posta nilisema tu kwamba mvua zimepita salama, nikaogopa kusema zaidi kwenye simu. Alitembea ukumbini moja kwa moja, kama alivyokuwa akifanya akitoka shule, akashika kitasa cha mlango wa Mama, akausukuma.

Jua likamjaa usoni. Mikorosho, majani ya kunde, kuku.

Alisimama na mkono kwenye kitasa. Sikuona uso wake. Niliona mabega.

Baba alikuja nyuma yetu akiburuta ndara. Alimshika Ignasi kiwiko, kama anavyoshikwa mtu mgeni wa mahali.

"Angalia," akasema, "kuna ngazi. Shuka taratibu."

Wakashuka pamoja, wakakaa kwenye jiwe la chini, migongo imetuelekea. Mama Marselina alitaka kuwapelekea chakula. Nikamwambia tusubiri kidogo.